Kiti cha Uvivu cha Marehemu Lukumani

Jumatatu, 8 Juni. Kasongo.

Inatangazwa kwa wote wanaohusika kwamba leo, baada ya chakula cha mchana, nimekalia kiti cha uvivu. Si kiti hivi hivi. Ni kile cha mbao na turubai kilichoegemezwa ukutani sebuleni, ambacho tangu nifike sijaona mtu akikikalia, isipokuwa kuku mmoja, naye alitolewa kwa fimbo. Mimi sikutolewa. Nililetewa mto.

Nieleze taratibu, maana shajara hii ikija kusomwa na watu wakubwa isiwasumbue. Mimi ni Hamadi, kidato cha tatu, Ujiji. Shule yetu na shule moja ya hapa Kongo zimebadilishana wanafunzi. Mtoto wa nyumba hii, Abdoul, amepelekwa kwetu na analala kitandani kwangu. Mimi nimeletwa kwao kwa boti, treni na pikipiki, nalala kwenye mkeka wake. Mwanzoni nilikuwa mgeni. Kisha nikapewa dumu na kuonyeshwa njia ya kisimani. Ugeni kwisha.

Leo asubuhi Mama Clémentine, mama mwenye nyumba, kapigiwa simu. Binti yake mkubwa, Dieudonnée, aliyeolewa Kabambare, amejifungua mtoto wa kiume. Jumamosi mume wa Mama Clémentine, Papa Bulaimu, atakwenda kumwona mjukuu akipewa jina. Atakwenda kwa pikipiki. Nyuma yake pana nafasi ya mtu mmoja.

Nafasi hiyo naitaka. Darasa zima nimeliahidi picha yangu nimesimama ukingoni mwa shimo la dhahabu Salamabila, na Salamabila, nimeulizia, iko huko huko upande wa Kabambare.

Mpinzani ni mmoja tu: Estelle, mdogo wake Dieudonnée, rika langu. Anasema hajamwona dada yake tangu siku ya harusi. Hoja dhaifu.

Mchana, tukila, bibi wa nyumba alisema mtoto ataitwa Lukumani, jina la marehemu mume wake. Bibi huyu ndiye mama mzazi wa Mama Clémentine. Wote humwita Koko Jeanine. Watu wakanyamaza kwa heshima. Mimi nikaona mlango umeachwa wazi. Nikasema, pole pole, macho kwenye sahani, kwamba ni ajabu, maana hata mimi jina langu la pili ni Lukumani.

Si kweli. Lakini nusu ya wazee wa Ujiji asili yao ni huku Maniema, kwa hiyo uongo ulipata ukuta wa kuegemea.

Mama Clémentine aliweka chini tonge lake. Akasema, "Papa." Alikuwa ananiambia mimi.

Jumanne, 9 Juni.

Nimefanya uchunguzi. Hapa jina si la kuitia mtu tu akiwa mbali. Anayebeba jina la baba yako ndiye baba yako, awe na mvi au awe ananyonya. Estelle ndiye aliyenieleza, kwa uso wa mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni.

Matunda yameanza kuonekana. Dumu la maji limerudi kwa Estelle. Kiti ni changu. Jioni kachinjwa kuku, na firigisi, ambayo hapa ni haki ya mkubwa wa nyumba, nimewekewa mimi, juu kabisa ya bugali. Nimekula yote. Koko Jeanine alinitazama sana nikitafuna. Nadhani alivutiwa.

Papa Bulaimu naye kabadilika. Wiki iliyopita alikuwa akinisalimu kwa kunipiga kofi la mgongo. Leo kanisalimu kutoka mlangoni, kainama kidogo, akachukua sahani yake akaenda kulia barazani peke yake. Nilimwita tule pamoja. Akasema, "Hapana, papa, ule tu kwa amani." Heshima ya namna hii kwetu hatuijui.

Mama kaandika kutoka Ujiji. Anasema Abdoul anaosha vyombo bila kuambiwa. Sijajibu.

Jumatano, 10 Juni.

Cheo kina gharama zake ndogo ndogo.

Asubuhi niliamshwa na Koko akiniita mume wake. Hilo sikulishangaa, hata kwetu bibi hutania hivyo. Lakini huyu alikuwa na madai. Alinikumbusha kwamba nilimwahidi kutengeneza paa la jiko. "Uliniambia kiangazi hiki hakitapita. Kisha ukakufa."

Nikajaribu kusema kwamba kifo ni udhuru. Akasema nimesharudi.

Basi nikapanda, na majani ya kuezekea kwapani. Watu wa mtaa walikuja kuangalia. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli alisimama akasema Lukumani alikuwa na mikono mizuri sana kwa paa, ila miguu yake haikuwa na akili. Nikiwa bado natafakari maneno hayo, mguu wa kushoto ukapenya. Mwingine ukaufuata. Nilitua karibu na sufuria ya sombe, kisamvu cha huku, sehemu moja yangu ndani ya sufuria.

Mama Clémentine alifuta machozi. Alisema baba yake naye aliwahi kuanguka hapo hapo. "Ni yeye kabisa."

Nilipanda tena nikamaliza. Mume ni mume.

Alhamisi, 11 Juni.

Siku ya kampeni. Nilimfuata Mama Clémentine akipepeta mchele uani, nikamuuliza, kama mtu anayewaza tu, iwapo ni vizuri jina likabidhiwe kwa mtoto Kabambare na mwenye jina amekaa Kasongo.

Alisimamisha ungo. Akasema nimesema neno kubwa. Akasema kweli, papa lazima aende.

Hapo ningeondoka. Ila yeye aliendelea kuwaza kwa sauti. Kama Lukumani amesharudi nyumbani, akasema, basi mtoto apewe jina la nani tena? "Ile jina iko na mwenyewe. Mutoto tumutafutie ingine." Nikasema hayo ni mambo ya wenye nyumba. Mimi nafuatilia usafiri tu.

Koko alikuwa pale pale, amekaa na kinu chake. Alisikia yote. Aliacha mpunga ndani ya kinu, akaingia chumbani, na jioni hakula. Nadhani ni jino.

Estelle hasemi nami. Wivu.

Ijumaa, 12 Juni.

Papa Bulaimu aliporudi msikitini kikao kilifanyika. Niliuliza waziwazi nani anapanda nyuma. Mama Clémentine alisema hakuna la kujadili, ni mimi. Estelle alitoka nje, na mlango aliufunga pole pole sana. Ningependelea aubamize.

Papa Bulaimu alikohoa. Alitazama dari, alitazama mke wake, alinitazama mimi kisha haraka akatazama kwingine. Akasema tutaona kesho. Ni mtu mwenye haya.

Nimefua shati jeupe. Nimeazima viatu vya Abdoul, ambavyo, kama mwenyewe, vinasifiwa kuliko inavyostahili.

Koko kanijia nikiwa kitini. Kaniuliza kwa upole kama mume wake bado anapenda firigisi. Nikamwambia sana. Akauliza, tangu zamani? Nikasema tangu zamani. Akaitikia kwa kichwa, akaenda nyuma ya jiko alikokuwa Estelle, wakazungumza kwa muda mrefu. Wanawake wana maongezi mengi.

Jumamosi, 13 Juni.

Niandike yaliyotokea bila kuongeza chumvi.

Asubuhi pikipiki ilikuwa imeoshwa. Mbele kulifungwa ndizi, ubavuni kuku wawili, nyuma kabisa mfuko wa mchele. Nilitoka na shati jeupe. Majirani walikuwepo. Nikapanda, nikajisogeza vizuri, nikashika mabega ya Papa Bulaimu.

Papa Bulaimu alishuka.

Alishuka kama mtu aliyekalia kaa la moto. Alisimama pembeni, mikono ameifumbata, macho chini, akazungumza na ardhi. Alisema nimsamehe sana. Alisema wiki nzima ameomba Mungu jambo hili lisifike hapa. "Weye ni baba ya muke wangu. Miye siwezi kumubeba mukwe wangu ku piki, tumbo ku mugongo. Watu wa Kabambare watasema nini? Hata kula na weye siwezi."

Kumbe ile sahani ya barazani.

Nikapendekeza nirudi nyuma kidogo. Hapakuwa na nyuma, palikuwa na mchele. Nikapendekeza mfuko wa mchele uwekwe katikati yetu. Akasema mfuko si ukuta. Nikapendekeza niendeshe mimi, yeye akae nyuma. Akauliza kama najua kuendesha. Nikasema najua kwa kutazama. Jirani mmoja alisema kwa barabara ya Kabambare hata wanaojua kwa mikono wanalala kwenye vumbi.

Nikatoa karata ya mwisho. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema mimi ni Hamadi. Hamadi tu. Lukumani simjui.

Mama Clémentine alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba alikuwa vile vile," akawaambia majirani. "Wakimuita ku kazi, anakana jina yake."

Estelle akapanda. Alikuwa amekwisha kuvaa, viatu miguuni, nywele zimesukwa. Zilisukwa tangu jana, kama nilivyokuja kufikiri baadaye. Koko alimshika mkono, akamwambia asisahau neno. Estelle akasema hawezi kusahau. Akanipungia mkono kwa adabu ambayo babu yake yeyote angeridhika nayo.

Wakaondoka na kuku.

Jumapili, 14 Juni.

Nimetwanga mpunga na Koko. Mama Clémentine yuko kanisani. Mwanzoni tulipokezana michi tu, yeye akipiga mimi nikiinua.

Halafu akasema, bila kunitazama, kwamba mume wake hakuwa akila firigisi.

Nikasimamisha mchi. Akaniambia niendelee kutwanga.

Alisema kila alipochinjwa kuku, firigisi iliwekwa mbele ya mume wake, kama ilivyo desturi. Naye alimpa yeye, chini ya meza, mkono kwa mkono, watoto wasione. Miaka yote ya ndoa. Clémentine mwenyewe hajui mpaka leo. "Wote wanajua alikuwa anapenda firigisi. Miye ndiye nilikuwa nakula."

Kisha akasema, "Weye ulikula yote. Hata hukugeuza macho huku."

Kwa hiyo anajua tangu Jumanne. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

Akasema, "Paa ilikuwa inavuja."

Tukatwanga. Baadaye kidogo nikauliza, nikijifanya naondoa pumba machoni, ni neno gani alilompa Estelle apeleke. Akasema amempelekea Dieudonnée habari kwamba jina halina mtu, wampe mtoto. Alisema alitaka kulisikia likiitwa tena uani kabla hajafa, liitwe kwa nguvu, liambiwe lije kula. Lakini liitwe kwa mtoto wao.

Nikasema mchele huu umeshakuwa mweupe. Akasema bado.

Jumanne, 16 Juni.

Wamerudi, wekundu kwa vumbi toka kichwani hadi miguuni. Mtoto anaitwa Lukumani. Estelle anayo picha yake kwenye simu: amekunja uso kama mtu anayesubiri usafiri. Koko aliishika simu hiyo kwa mikono miwili na hakuirudisha mpaka ilipoishiwa chaji. Jioni alikula vizuri. Jino limepona.

Nilimuuliza Estelle kama aliona mashimo ya dhahabu. Akasema alikwenda kumwona dada yake.

Mama Clémentine, aliyekwisha kuambiwa na Koko kwamba nilidanganya, hana kinyongo. Alisema hata uongo umemtengenezea mama yake jiko. Ila haniiti papa tena. Dumu limerudi kwangu. Kiti kimerudi kwa kuku. Papa Bulaimu kanisalimu kwa kofi la mgongo, kubwa kuliko yote ya zamani, kisha akakaa karibu nami tukala sahani moja, na akala kwa kasi ya mtu aliyekuwa na njaa ya wiki nzima.

Mama kaandika. Anauliza kama upo utaratibu wa kubadilishana moja kwa moja, bila kurudishana.

Jumatano, 17 Juni.

Makosa hufundisha. Nimekaa chini nikayapima, nikaona kosa langu lilikuwa moja tu: nilichagua upande wa mke. Baba wa mke ni mkwe, na mkwe habebwi. Baba wa mume ni baba tu, naye hubebwa popote.

Kesho sisi wageni tunahamia familia za pili. Mimi nakwenda kwa Papa Léon, muuza mafuta ya mawese. Nimeulizia. Papa Léon hupeleka mafuta Salamabila kila mara. Pikipiki yake ina tandiko refu. Baba yake mzazi aliitwa Kadogo, mtu aliyeheshimiwa soko zima.

Nimefanya mazoezi mbele ya dirisha. Macho kwenye sahani, sauti ya chini: ni ajabu, hata mimi jina langu la pili ni Kadogo. Firigisi safari hii nitaila nusu. Nusu nitampa mtu chini ya meza, yeyote atakayekuwa karibu.

Alhamisi, 18 Juni.

Begi langu limekuja kuchukuliwa kwa baiskeli na mzee mmoja mchangamfu. Ni baba yake Papa Léon. Anaitwa Kadogo.