Shule Imefungwa, Mwalimu Mkuu Yuko Kazini

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Shule imefungwa! Wiki nne! Bwana Afya ameleta barua kutoka Njombe: ile homa ya mafua inayozunguka dunia nzima imefika Makambako, watoto wasikusanyike mahali pamoja mpaka tarehe mbili Septemba. Niliisoma mbele ya watoto kwa uso wa huzuni, kama inavyompasa Mwalimu Mkuu. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Wiki nne za kulala mpaka jua lipande! Na baridi hii ya Agosti!

Furaha ilidumu mpaka saa nane mchana. Akaja Mchungaji Methusela, msimamizi wa shule zetu za misheni, na baiskeli yake na habari yake. Kwamba siku ya kufungua atakuja Bwana Elimu mwenyewe kuhesabu. Akikuta wanafunzi chini ya thelathini na watano, shule yetu inafutwa, na watoto watakwenda ile ya ng'ambo ya mto, maili tisa. Nikasema wadogo wa darasa la kwanza hawataziweza maili tisa. Mchungaji akasema anajua, ndiyo maana amekuja mbio bila kula.

Tunao arobaini na mmoja. Lakini nayajua ya hapa kwetu. Mtoto akikaa nyumbani wiki ya kwanza anapewa jembe, ya pili anapewa ng'ombe, ya tatu amekwenda kubandua magome ya miti ya miwati kwa ujira, na ndiyo basi, humpati tena. Na shule hii wazazi waliijenga wenyewe, tofali kwa tofali. Na nyumba ninayolala ni ya shule!

Msaidizi wangu, Mwalimu Lucia, binti wa Kikinga kutoka Makete, miaka ishirini na miwili, mwaka wake wa kwanza kazini, aliuliza kama tuanze na zile nyumba zenye wagonjwa. Nikamwambia aniachie mimi. Jambo hili linataka akili.

Jumatano, 7 Agosti

Akili imepatikana. Barua! Nimeandika arobaini na moja, vidole vimekufa ganzi. Kila mzazi na ya kwake, kwa mwandiko wangu wa kulala: mtoto asome kurasa mbili kila siku, afanye hesabu kumi, asipelekwe kwenye miwati. Nimezipeleka mwenyewe. Naweka barua mlangoni, naikandamiza kwa jiwe, natimua mbio. Kwa ajili ya homa.

Lucia hakuandika hata mstari mmoja. Nimemwona akishuka bondeni na jembe begani. Jembe! Misheni imemsomesha miaka yote ile aje kushika jembe?

Jumamosi, 10 Agosti

Aibu. Amekuja Mzee Nahumu, baba yake Enoki wa darasa la tatu. Akasimama mbali, blanketi mdomoni. Akasema kamwene moja tu, hakuuliza habari za ng'ombe wala za mama yangu. Mbena akifupisha salamu, ujue pana neno. Kisha akauliza, kwa heshima kubwa, kama ni serikali au ni misheni iliyoagiza Enoki ale yai kila asubuhi na asichote maji mpaka Septemba.

Sikuelewa. Halafu nikaelewa. Jamani! Nimewaandikia wazazi ambao hawakusoma. Sasa barua wamesomewa na nani? Na watoto! Enoki alimsomea baba yake kwa sauti, bila kukwama, akifuata mstari kwa kidole. Mayai matatu yameshaliwa. Kwa kina Emilia barua imeagiza mtoto asiamshwe kabla ya jua. Kwenye nyumba nyingine imeagiza mtoto akae karibu na moto kuliko bibi.

Nilitaka kumwambia mzee ukweli. Nikasema yai mara mbili kwa wiki linatosha.

Ila lazima nikiri. Kutunga barua nzima papo hapo, baba amekukodolea macho, na mstari usiyumbe! Mimi nikiwa darasa la tatu nisingethubutu. Na huyo mtoto nimemfundisha mimi.

Jumanne, 13 Agosti

Leo nimekwenda kumpeleleza Lucia. Nilijificha kwenye miwati, juu ya bonde.

Huu ni msimu wa vinyungu, zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi penye unyevu, kila nyumba na kipande chake kando ya mfereji. Nusu ya wazazi wamelala na homa. Vinyungu visipopandwa sasa, mwakani watu watatazamana kwa njaa. Hilo nilikuwa nalijua, kila mtu analijua. Lucia peke yake ndiye aliyelifanyia kitu. Analima nao! Kila nyumba kwenye kinyungu chake, hakuna kukusanyika, hakuna kukaribiana, na yeye anapita kwenye mfereji kutoka juu mpaka chini.

Alianza kwa Manase wa darasa la nne, ambaye mama yake ni mjane na leo ni siku ya tano hajainuka. Wamepiga matuta manne. Kisha akamwuliza: kila tuta mashimo kumi na nane, kila shimo punje tatu, je, uhesabu punje ngapi kutoka kwenye kikapu? Manase akachora kwa kijiti kwenye tope, akafuta, akachora tena. Mia mbili kumi na sita! Akikosea, mbegu zitampungukia mbele ya macho yake. Lucia akamwachia tope na sentensi ya kuandika, huyo, kinyungu kinachofuata. Nasikia jioni anapeleka uji kwa wagonjwa, na mtoto wa nyumba anamsomea mgonjwa zaburi. Hiyo ndiyo kazi yake ya kusoma.

Nikasahau kwamba najificha. Nimefundisha miaka kumi na mmoja, sijapata kuona mtoto akiikimbilia hesabu. Hodari huyu binti! Hodari hasa! Nikiwa katika kustaajabu huko mguu ukateleza, nikabiringika mpaka mferejini na suruali yangu ya Jumapili. Lucia akanipa mkono, akauliza kama nimekuja kusaidia.

Nikasema nakagua.

Wivu unanila. Jambo hili linataka akili kubwa zaidi.

Alhamisi, 15 Agosti

Mkono mtupu haulambwi! Wahenga waliona mbali. Nimedandia lori la mbao mpaka Makambako, nimerudi na makopo mawili ya peremende, zile kali za mnanaa zinazotoa machozi. Mtoto akija mlangoni kwangu peke yake na jibu sahihi, peremende moja. Tutaona nani atabaki bondeni.

Jumamosi, 17 Agosti

Wamekuja. Si watoto.

Jana mtoto mmoja alipata hesabu yake, akapata peremende yake, na kwa wema wa moyo akampa bibi yake aliyezibwa pua siku sita. Pua ikafunguka! Kufikia jioni habari ilikuwa imefika Kitandililo kwamba Mwalimu Kornelio ana dawa ya homa. Leo uani kwangu wamejaa watu hamsini, wanakohoa, bega kwa bega, wakati amri ni kutokukusanyika. Nikapaza sauti kwamba ni peremende tu, peremende za dukani! Mzee mmoja akawaambia wenzake kwamba dawa ya kweli haijisifu.

Mchungaji Methusela akafika na baiskeli. Hakunigombeza. Aliwapanga watu, akawaombea, akawaomba radhi kwa niaba yangu, akawarudisha makwao mmoja mmoja. Afadhali angenigombeza. Peremende zimekwisha. Kichwa kinauma.

Jumanne, 20 Agosti

Homa. Mifupa yote. Kwaheri dunia. Daftari hili apewe mama yangu, ila asisomewe zile za Jumamosi.

Ijumaa, 23 Agosti

Niko hai. Kila asubuhi nakuta uji wa ulezi mlangoni, umefunikwa kwa sahani. Na kila siku watoto wawili wa nyumba moja wanasimama hatua kumi kutoka dirishani kwangu, wananisomea kwa kupokezana. Leo alikuwa Emilia na mdogo wake. Emilia, ambaye mwezi wa sita alikuwa anakwama kwenye kila neno la pili, amesoma ukurasa mzima kwa pumzi mbili. Nikamwuliza nani kawatuma. Akasema ni Mwalimu Lucia, kwamba Mwalimu Mkuu asiposikia sauti za watoto atachelewa kupona.

Nimelia. Nimeandika kwamba nimelia, na sifuti.

Mchana akaja mama yake Manase, jina lake mwenyewe Idda, ameinuka juzi tu, shingo bado nyembamba. Kaniletea viazi vya kuchoma. Na habari. Alipokuwa amelala, Manase alimwandikia herufi kwa mkaa juu ya mlango, mbili kila siku, na sasa anajua kuandika jina lake. Mama wa miaka arobaini, na homa mwilini! Watu gani hawa? Mimi nikiumwa jino tu nafunga daftari.

Jumatano, 28 Agosti

Nimepona, na hofu nayo imeinuka. Dereva wa lori la mbao kaniambia amewaona watoto kumi wa kwetu kwenye miwati, barabara ya Njombe, Enoki akiwa wa mbele. Homa imemwangusha Mzee Nahumu na wenzake, watoto wamekwenda kushika nafasi za baba zao ili zisipotee. Siwezi kuwalaumu. Lakini arobaini na mmoja ukitoa kumi ni thelathini na mmoja. Shule imekwisha!

Ningeweza kumwuliza Lucia. Lakini tangu lini Mwalimu Mkuu akamwuliza msaidizi idadi ya wanafunzi?

Nimekwenda Lyamkena kwa binamu yangu Kasimiri. Yeye ana watoto, majirani wana watoto. Kumi wamepatikana! Nimemgawia kila mmoja jina la yule asiyekuwapo, nimewafunza kusimama na kuitikia kwa nguvu. Kuna mmoja mnene, sauti kama tarumbeta ya kanisani. Huyo nimempa uenoki.

Jumatatu, 2 Septemba

Niandike yote kabla sijalala.

Bwana Elimu amekuja saa mbili kamili, Mzungu mrefu, Kiswahili chake cha vitabuni, hacheki. Darasa limejaa mpaka mlangoni. Nikafurahi kwa muda mfupi sana, mpaka nilipoanza kutazama nyuso. Wa Lyamkena kumi, wapo. Wa kwetu arobaini na mmoja, wapo wote! Wale kumi aliowaona dereva, Lucia alikuwa ameshawafuata kwa miguu. Aliwangoja baba zao wapone, kila baba akarudi mahali pake, kila mtoto akarudi nyumbani. Hakusema kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Bwana Elimu akaita Enoki wa Nahumu. Wakasimama wawili. Yule wa tarumbeta akaitikia kwa nguvu zaidi, kama nilivyomfunza. Akaita Emilia. Wawili. Lilipofika jina la tano Bwana Elimu akaweka kalamu chini, akaniuliza kama katika kijiji hiki kila nyumba ina mapacha wa jina moja.

Sijui ni pepo gani. Nikasema ndiyo.

Akasema mahudhurio ya uongo yanatosha kuifunga shule leo hii, hata kabla ya kuhesabu. Wazazi walikuwa wamesimama madirishani, nikamwona Mzee Nahumu akivua kofia. Tofali kwa tofali waliijenga, na mimi nimeibomoa kwa asubuhi moja. Nilitamani homa inirudie palepale.

Lucia akasimama. Akasema wale kumi ni wageni kutoka Lyamkena, Mwalimu Mkuu aliwaalika kwa kuiogopea shule, na ilikuwa makosa. Akasema arobaini na mmoja wa kweli wapo, nao hawakupoteza hata siku moja, hesabu walizifanya kwa matuta na punje. Bwana awaulize lolote.

Bwana Elimu akauliza, bado amekunja uso: matuta sita, kila tuta mashimo ishirini, kila shimo punje tatu? Mia tatu na sitini! Lakini jibu halikutoka kwenye madawati. Lilitoka dirishani. Alikuwa Mama Idda, naye papo hapo akajiziba mdomo kwa khanga. Bwana Elimu akamwuliza amejifunzia wapi. Akajibu, kinyunguni. Akaulizwa kama anajua na kuandika. Akaingia, miguu peku, akapokea chaki ambayo hajawahi kuishika, akaandika jina lake ubaoni. IDDA. Herufi kubwa kama milango. Manase akawa anamtazama mama yake, midomo inacheza pamoja na kila herufi.

Bwana Elimu akahesabu wa kwetu mmoja mmoja. Arobaini na mmoja. Akatia sahihi. Shule inabaki! Mzee Nahumu alirusha kofia, ikatua juu ya bati. Wale wa Lyamkena wakakataa kuondoka mpaka waelezwe hizo punje zimehesabiwaje.

Lucia kaniokoa na hakunitazama kwa dharau hata mara moja. Nimemwambia mbele ya wote kwamba yeye ndiye mwalimu na mimi ni mtu mwenye funguo. Nilisema kwa moyo wangu wote. Akacheka, akaniomba basi nifungue stoo, anataka majembe.

Jumatano, 4 Septemba

Barua kutoka Njombe. Nabaki Mwalimu Mkuu, kwa huruma ya Mchungaji, ila daftari la mahudhurio sasa analishika Lucia. Haki kabisa. Na kuna neema: wakipatikana watu wazima ishirini wa kujiandikisha kabla ya Ijumaa, tutaletewa vitabu na taa ya darasa lao. Mwalimu wao, Lucia.

Ameshapata kumi na wawili, Mama Idda wa kwanza. Anasema tupite nyumba kwa nyumba, tusimharakishe mtu, wataongezeka. Kisha akaniomba, kwa upole, niahidi kwamba hila zimekwisha. Nikaahidi. Mkono juu ya Biblia, mbele ya Mchungaji, machozi yakinilengalenga. Binti huyu amenibadilisha. Mimi si yule Kornelio wa Agosti.

Kumi na wawili. Bado wanane, na kesho kutwa ndiyo Ijumaa. Nina shangazi Kitandililo, na shangazi ana majirani wanane, watu wazima kabisa. Kosa la Jumatatu nimeshaliona lilipokuwa: nilitumia majina ya watu waliopo.

Hawa nawatungia mapya.