Kuondolewa Kwangu kwa Majaribio ya Siku Saba

Kwa Mkurugenzi wa Kituo cha Kutotolesha Vifaranga,
ambaye pia ni mama yangu mkubwa, ingawa leo nakiandikia cheo.

Shikamoo.

YAH: LALAMIKO LA FUNDI WA MIFUMO KABLA SIKU YA SABA HAIJAISHA

Tafadhali rejea kikao cha Jumatatu asubuhi, kwenye chumba cha kupangia mayai, ambapo mbele ya mhasibu, mlinzi na yule fundi umeme tunayemwita Shoti, ulinitazama juu ya miwani ukasema: "Mwanangu, si wewe uliyetufundisha? Kitu kikitolewa siku saba asilalamike mtu, hakikuhitajika. Haya, nenda nyumbani. Tuone." Shoti alicheka mpaka akaegemea trei. Mayai thelathini yalitikisika. Niliyahesabu nikiwa natoka.

Leo ni siku ya sita. Simu yangu haijalia hata mara moja. Nilidhani imekufa, nikajipigia kwa simu ya jirani. Iliita vizuri tu.

Nalalamika kwa maandishi kwa sababu kanuni ile niliitunga mimi, nayo inasema wazi kwamba malalamiko ya mdomo ni hewa, hayahesabiki. Lakini kabla ya kulalamika nikukumbushe nilichokifanyia kituo, maana wema hauozi, ila husahaulika upesi.

Mimi sikusoma chuo. Nimejifunza kwa kuharibu simu za watu kibandani, kisha kuzitengeneza kabla wenyewe hawajarudi. Nilipofika kwako, kila mashine kati ya zile kumi na sita ilikuwa na kompyuta ndogo iliyobeba mfumo wa megabaiti 2,150. Ndani yake mlikuwa na programu 412. Mchezo wa karata ulikuwemo. Programu ya kuendesha printa ilikuwemo, na printa hatuna. Lugha za nchi ambazo hata kuku wake hatujawahi kuwaona zilikuwemo. Wakati kazi yote inafanywa na programu tatu zilizofungashwa, ziitwazo kontena: moja inashika joto, moja unyevu, moja inageuza mayai. Nilikueleza, nawe ulielewa upesi kuliko mhasibu: kontena ni mpangaji anayehamia na godoro lake, jiko lake na ndoo yake. Kwa mwenye nyumba anataka paa, umeme na maji, basi. Mpangaji wa namna hiyo unamjengea sebule ya nini?

Nikauunda mfumo wetu wenyewe, mwembamba. Nilitoa programu fungu kwa fungu, na kila fungu nililipatia siku saba. Asiyeridhika alikuwa na kitufe cha LALAMIKA kwenye kioo cha kila mashine: unabonyeza, unaandika, kinakujibu "Asante, tumepokea." Asipobonyeza mtu, fungu limezikwa. Kutoka megabaiti 2,150 tulifika 43. Kutoka programu 412 tulibaki na 9. Mashine iliyokuwa ikiamka kwa sekunde 74 sasa inaamka kwa sekunde 4, yaani kabla Shoti hajamaliza mwayo mmoja. Niliondoa hata mlango wa kuingilia ndani ya mfumo, asiingie mwizi wala mjuaji. Na tangu mwezi wa tatu kitufe hakijaleta lalamiko hata moja. Sifuri. Nitajie idara nyingine yenye sifuri.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Sikujaribiwa kwanza kwenye mashine namba 16. Kila nilichotoa nilikitoa kwanza pale, penye mayai tusiyoyategemea sana, ndipo nikaenda kwenye nyingine. Mimi nimetolewa kwenye mashine zote kumi na sita kwa sentensi moja. Mtu mwangalifu angeanza na kitu kidogo. Redio ya mlinzi, kwa mfano. Au mlinzi.

2. Kiti changu. Nasikia kimewekewa trei za mayai. Nafasi ya kitu kilichotolewa huachwa wazi mpaka siku ya saba, kwa sababu huenda kikarudi. Hata marehemu nguo zake hazigawanywi watu wakiwa bado wanachimba.

3. Nimesingiziwa mashine namba 7. Ulisema kikaoni kwamba kati ya mayai 528 imetotoa vifaranga 322 tu, wakati wenzake wanatoa kama 440. Idadi ni sahihi, niliihakiki mwenyewe. Lakini hoja ni mbovu. Joto likizidi, mashine huandika tahadhari na kuituma ofisini. Ofisini haijafika tahadhari yoyote. Mgonjwa asiyeugua hadharani ni mzima. Kwa hiyo kosa liko kwa jogoo, na napendekeza naye apewe siku saba nyumbani.

4. Upendeleo. Ikiwa ukimya ni ushahidi, kwa nini umeanza na kuishia kwangu? Mlinzi ana miaka miwili hajatembelewa na mwizi. Ni dhahiri hakuna anayemhitaji, hata wezi. Mhasibu alilalamika mwezi wa kwanza kwamba saa za ripoti ziko nyuma kwa masaa matatu, kwa kuwa nilitoa orodha ya majira ya dunia. Nilimwambia aongeze matatu kichwani, kichwa ni chake na hakina msongamano. Tangu hapo yuko kimya. Basi na kikokotoo chake kiondolewe. Jenereta huwaka mara mbili kwa mwezi na siku zilizobaki linakaa tu kama mjomba wa harusi.

Na wewe, Mama, kwa heshima zote. Ulipokwenda kumuuguza Bibi ulikaa siku tisa, yaani mbili zaidi ya kanuni. Hakuna aliyebonyeza kitufe. Badala yake Shoti alileta spika.

5. Hili limeninyima raha, nalo ni la mwisho. Siku hizi sita nimekaa kitandani nikapiga hesabu ya kituo kama nilivyopiga hesabu ya mfumo: toa hiki, nani atalalamika? Nikamtoa mlinzi, mhasibu, Shoti, mkurugenzi, kikao cha Jumatatu. Nikatoa kioo, nikatoa kompyuta, nikatoa hata megabaiti zangu 43 kwa uchungu. Nikabaki na joto, unyevu na kugeuza mayai. Nikajiuliza ni kifaa gani kidogo kabisa kinachofanya hayo matatu bila umeme na bila ripoti, tena kimefungwa kiasi kwamba ukipeleka mkono kinakudonoa. Ni kuku, Mama. Kuku mmoja anaatamia mayai kumi na mawili. Mashine zote zinabeba mayai 8,448. Wanatosha kuku 704, na hawana haja ya fundi wa mifumo.

Hapo nilinyanyuka nikanywa maji.

Kwa hiyo naomba nirudishwe Jumatatu saa mbili kamili, kiti kikiwa kitupu. Sababu yangu ni moja na haina mjadala: mlango wa mfumo niliuondoa mimi, na hakuna mtu mwingine anayejua kuunda mfumo mpya. Huko si kujisifu. Ndivyo ilivyo, na nakiri kwamba sikuiacha iwe hivyo kwa bahati mbaya.

Nisalimie Bibi, mwambie dawa amalize dozi. Nisalimie watoto, mhasibu, mlinzi na redio yake. Shoti naye msalimie, lakini kwa kifupi.

Wako mtiifu, kwa siku moja iliyobaki,

Fundi wa Mifumo (aliyeko kwenye majaribio)

Baada ya sahihi: Barua nilikuwa nimeshaikunja. Nilitaka kuambatanisha ushahidi wa ile sifuri, nikamwomba Shoti aniletee kadi ya kumbukumbu ya mashine namba 7. Kaleta mchana huu, kasimama mlangoni kanuna: "Kaka, mbona unatuchunia? Tunakuandikia tangu Jumatatu." Nikamuuliza kwa nini hawakupiga simu. Akasema, "Si ulisema mdomo ni hewa?"

Nimeifungua kadi. Programu inayobeba ujumbe kutoka kwenye mashine kwenda ofisini ilikuwa kwenye fungu la tisa. Niliitoa mwezi wa tatu. Nilisubiri siku saba. Hakuna aliyelalamika, nikaizika. Yale maneno "Asante, tumepokea" niliyaacha kwa sababu hayana uzito.

Kwenye kadi hii moja kuna ujumbe 214 ambao haukwenda popote. 131 ni wa mashine yenyewe, nao wote unasema joto limezidi. Jogoo aombwe radhi. 80 ni wa wafanyakazi, na sitaunukuu kwa sababu baadhi yake umemtaja mama yangu, ambaye ni mdogo wako. Jumbe tatu zilizobaki ni za wiki hii, zinauliza niko wapi. Mmoja ni wa Shoti. Mmoja ni wa mhasibu, na kautia namba ya kumbukumbu. Wa tatu hauna jina: "Huyu mtoto arudi, ya saba imenishinda. Mimi simpigii." Umeandikwa juzi, saa tisa usiku kwa saa ya mashine. Nimeongeza masaa matatu kichwani, kama nilivyomfundisha mhasibu, nikapata saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo mwenye ufunguo wa kituo ni mmoja tu, naye hutazama watu juu ya miwani.

Kwa kanuni, lalamiko moja linatosha kukirudisha kitu. Tafadhali futa namba 1 hadi 5, ila ile ya kiti iache.

Mayai ya mashine namba 7 yako siku ya kumi na nane kati ya ishirini na moja, hayawezi kusubiri Jumatatu. Nimeunda mfumo upya, na mbeba ujumbe yumo. Ukiikuta barua hii juu ya trei kwenye kiti changu, ujue nimeshapita mlinzi, na niko huko ndani na kadi mkononi. Mfumo sasa una megabaiti 44.