VPN Iliyogoma Msimu wa Kuchoma Hoho

Jumanne, 17 Septemba

Nimefika kijijini kwa Shangazi Stanojka. Ofisini, mjini Niš, wanajua niko nyumbani namsubiri fundi bomba. Akili hiyo! Bosi Dragica alishaniambia nikitoroka tena mara moja tu, nikatafute kazi kwingine. Lakini huu ni msimu wa kuchoma pilipili hoho, na kwa Shangazi asiyechoma hapati ajvar ya kupaka mkate wakati wa baridi. Hana huruma hata kidogo.

Kazi ya wiki hii ni moja: kutuma ratiba mpya ya mabasi ya mji kwenye mashine ya ofisi kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Lazima ipite kwenye VPN, ile njia ya siri ya ofisi ndani ya intaneti. Nina kompyuta yangu inayotumia mfumo wa Linux, na bando la simu. Kuna ugumu gani?

Jioni: VPN inasema imeunganishwa. Hakuna kinachofunguka.

Jumatano, 18 Septemba

Maajabu! Nikiibishia hodi mashine ya ofisi, inajibu papo hapo. Ujumbe mfupi unapita. Nikituma ratiba, inaanza, inaganda, inakufa. Nimebadilisha kila mpangilio ninaoujua na mitatu nisiyoijua. Nikafuta programu yote ya VPN ili niishushe upya. Bando likakata katikati! Kilomita nne kwa miguu hadi dukani, kilomita nne kurudi. Shangazi kauliza kama kompyuta inamenya hoho.

Alhamisi, 19 Septemba

Mchawi nimempata: dirisha. Simu inashika mtandao dirishani tu, kwa hiyo nikalifungua. Mlango nao ulikuwa wazi. Upepo wa kupenya! Kila mtu hapa anajua unaua, hata mimi mwenye shahada nikauhisi shingoni. Nimetoka chooni nakuta dirisha limefungwa na simu iko kabatini, imeviringishwa skafu ya sufi. Shangazi kasema nayo itakakamaa shingo.

Tukapatana: mlango ufungwe, dirisha libaki wazi. Alama za mtandao zimejaa. Ratiba bado inaganda! Nimemsingizia dirisha bure.

Maji shingoni, nikampigia Tihomir. Ndiye yule wa meza ya jirani anayeniuliza kila asubuhi kama Linux yangu imepata nafuu. Nikamwambia kuna rafiki yangu ana shida. Akauliza huyo rafiki anatumia intaneti ya simu? Ndiyo. Basi, kasema, faili husafiri vipande vipande, na VPN inakizungushia kila kipande karatasi yake, kinanenepa, na mlango wa mtandao wa simu ni mwembamba. Vidogo vinapita, vinene vinatupwa kimyakimya. Apunguze ukubwa wa vipande: kwenye mpangilio unaoitwa MTU aandike 1280. Mstari mmoja tu! Halafu kasema nimsalimie sana huyo rafiki, na asisahau kumletea chupa mbili za ajvar.

Nikaandika. Faili la majaribio likapita lote! Nimeruka nikagonga kichwa kwenye boriti. Tihomir, Mungu akuzidishie. Sitakificha tena kikombe chako.

Ijumaa, 20 Septemba

Ratiba imefika saa nne asubuhi. Ushindi!

Saa tano Bosi akapiga kunishukuru. Mimi niko uani, mikono myeusi kwa maganda. Simu akapokea Shangazi. Akamweleza yote: kwamba niko hapa tangu Jumanne, kwamba fundi bomba hamjui, kwamba kumenya ni mvivu ila kula ni hodari. Njia ya mwongo fupi! Nikaichukua simu, nikajua kazi ndiyo basi tena.

Bosi akauliza kwa nini sikuomba tu, jamani, hata mama yake anachoma hoho wiki hii. Tangu leo nifanyie kazi popote nipendapo, mradi nimwambie ukweli niko wapi. Nimelia. Shangazi alidhani ni moshi.

Jumapili, 22 Septemba

Shangazi kanipa chupa kumi na mbili, na nilistahili tatu. Nasikia Ijumaa Tihomir alinitetea mbele ya ofisi nzima. Bosi kanisamehe. Nimezungukwa na watu wema kiasi cha kuona haya. Watu husema asante ya punda ni mateke. Mimi si punda. Watu hawa sitawadanganya tena.

Bahati ilioje: rafiki yangu wa Budva ana chumba kitupu ufukweni wiki nzima. Niko kwenye basi sasa hivi. Bosi nimemwandikia kwamba bado niko kijijini, Shangazi anaumwa mgongo, siwezi kumwacha.

Kajibu palepale. Ameguswa sana. Jumatano anakuja mwenyewe kumjulia hali.

Nimempigia Shangazi. Nimemwomba Jumatano ajilaze kitandani na kuguna kidogo. Akiulizwa, mimi niko dukani, nitarudi sasa hivi.