Gramu Hamsini Zilizoondoka na Joto

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimedhalilishwa. Dukani mwangu, mbele ya wateja wangu, kwa mkate wangu mwenyewe. Mkaguzi wa vipimo ameingia asubuhi na mizani kwapani, salamu yenyewe nusu, akachukua mkate rafuni akaupima. Kibandiko kinasema nusu kilo. Mizani yake ikasema zimepungua gramu hamsini. Akapima wa pili. Vilevile. Akatangaza kwa sauti ya mnadani. Ng'ambo ya barabara alisimama Kibiriti, mwokaji mwenzangu na adui yangu, anafuta mikono iliyokuwa safi tayari.

Ijumaa niende ofisini kwao kujieleza. Nikishindwa, leseni inasimamishwa, na tenda ya mikate ya hospitali inamwangukia Kibiriti.

Ni kweli, tangu unga upande bei nakata donge dogo kidogo. Tofauti yenyewe ukubwa wa kidole gumba. Sasa kidole gumba nacho ni kitu? Watu wanakula mkate au wanakula mizani?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Shemeji amekuja kula mchana. Ni kaka wa mke wangu, mwalimu wa fizikia, na hunusa chungu chetu kutoka mtaa wa pili. Huku akila alikuwa anamfundisha binti yangu kwa ajili ya mtihani. Mimi nimenuna, sisikilizi. Mara nikamsikia akisema kwamba tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na nishati si vitu viwili. Ni kitu kimoja. Kitu kikipata joto, tungamo lake huongezeka. Kikipoa, hupungua.

Kijiko kikanitoka mkononi.

Mkate hutoka tanurini ukiwa moto. Mkaguzi kaupima umepoa. Joto limeondoka na gramu zangu! Kumbe mwizi si mimi, ni maumbile, na mimi ndiye niliyeibiwa.

Nikamuuliza Shemeji taratibu, kama mtu asiye na haja: mkate ukiwa moto ni mzito kuliko uleule ukiwa umepoa? Akasema, "Kweli kabisa, shemeji, ila..." Nikamwongezea mchuzi haraka. "Ila" ni ugonjwa wa wasomi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimefanya jaribio la kisayansi. Nimepima mkate ulipotoka tanurini, nikaupima tena ulipopoa. Umepungua! Si gramu hamsini, lakini umepungua. Nikamwita mke wangu ashuhudie. Akasema huo ni mvuke, kila aliyewahi kufunua sufuria anajua. Nikamwambia mvuke ni maoni yake. Akaniuliza kwa nini nisikate tu donge la kutosha, mambo yakaisha. Huyu ni mwanamke niliyemwoa mwenyewe, bila kushurutishwa.

Shemeji amekubali kuja kesho kuwa shahidi. Nimemwahidi keki nzima. Sharti moja: ajibu alichoulizwa tu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kikulacho ki nguoni mwako.

Chumba kidogo, feni inayolia, benchi la mbao. Mama mkubwa wa ofisi mezani, mkaguzi pembeni yake. Na nani amekaa benchi la nyuma, eti kama mwananchi? Kibiriti.

Nilijieleza vizuri. Nilisema nishati, nikasema tungamo, nikasema maumbile. Mkaguzi akaacha kuandika. Shemeji akaulizwa kama ni kweli mkate ukipoa hupungua tungamo. Akasema ni kweli, sayansi haina shaka. Nikakaa kama bwana harusi.

Yule mama akavua miwani. "Hupungua kiasi gani, mwalimu?"

Swali hilo hakuna aliyemtuma kuliuliza. Shemeji akasimama, macho yamemng'aa, kasahau keki, kasahau undugu. Akasema unachukua nishati ya lile joto, unaigawa kwa kasi ya mwanga, kisha unaigawa tena kwa kasi hiyohiyo, na kasi ya mwanga haina mfano, kwa hiyo jibu ni dogo mno. "Gawa gramu moja mafungu bilioni moja. Chukua fungu moja. Nalo halijai."

Ningenyamaza. Lakini nikauliza, na zile hamsini je?

Akanigeukia kwa huruma, jambo lililoniudhi zaidi. "Shemeji, gramu hamsini zikigeuka zote kuwa nishati ni sawa na kulipua tani milioni moja za baruti kali. Mkate wako mmoja ungepungua hivyo, mji huu usingekuwepo."

Chumba kizima kilicheka. Mkaguzi alilala juu ya meza. Nimepewa hadi Jumanne kurekebisha uzito. Keki nimeila mwenyewe, njiani.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kibiriti ameeneza mtaani kwamba serikali imekuta baruti ndani ya mikate yangu. Bibi wa nyumba ya pembeni ameurudisha mkate wake ameubeba kwa koleo. Nimemweleza kwamba ni hesabu tu. Akasema hesabu pia huua watu. Rafu zimejaa, duka tupu. Nimekaa nyuma ya kaunta kama mfiwa.

Mke wangu ameninyang'anya kisu cha donge. Hakupiga kelele. Amesema, "Kuanzia leo nakata mimi," akakifunga kwenye kanga yake. Nimesusa chakula. Hakuna aliyegundua.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mama mkubwa wa ofisi ya vipimo amekuja mwenyewe. Amepima mikate kumi. Yote nusu kilo na ziada kidogo. Akaumega mmoja, akautafuna mbele ya bibi wa koleo na umati uliokuwa umekaa mbali kidogo. Hakulipuka. Kufikia saa sita rafu zote zilikuwa tupu. Tenda ya hospitali imebaki kwetu.

Akampa mke wangu mkono wa pongezi. Mke wangu! Mimi niliyeipigania nyumba hii kwa sayansi, sikupewa hata kidole. Shemeji naye amerudi kula, anacheka na kila mtu kama hakunisaliti.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Sina kinyongo na Shemeji. Nimemuuliza tu, kwa adabu, kama kitu kinachokwenda mbio nacho huongezeka nishati, na kwa hiyo tungamo. Akasita. Akasema kwa namna fulani ndiyo, akavuta kiti ili aeleze vizuri. Nikamshukuru, nikatoka.

Mikate ya hospitali hupimwa getini, ikiwa bado juu ya mkokoteni. Kesho mke wangu anakwenda kwa mama yake, na kisu atakiacha. Natafuta msukuma mkokoteni mwenye miguu mirefu, asiyependa kusimama.