Nilivyokoroma Kwenye Harusi ya Elia

Saa tatu na dakika kumi asubuhi ya leo nilibonyeza kitufe cha kurekodi, na tangu hapo nilikuwa nimeshaumbuka. Kilichobaki ni watu kukusanyika tu. Nawaandikia nyinyi wenzangu wa kazi ya video mapema, kabla hamjasimuliwa na mtu mwingine wa Mlowo. Maana mtasimuliwa.

Elia ni mwalimu hapa kwetu. Leo mchana yeye na mkewe Atupele walikuwa na jubilei ya miaka ishirini na mitano ya ndoa, kwenye ukumbi wa kanisa. Harusi yao ilirekodiwa kwenye mkanda wa VHS, ile mikanda myeusi mikubwa kama tofali. Deki yao ilikufa zamani, mkanda ukasahaulika kabatini chini ya mashuka. Umeonekana juzi tu. Jana wakauacha ofisini kwangu wakati mimi nikiwa Tunduma narekodi sendofu.

"Fundi, sitaki madoido," Elia aliniambia kwenye simu. "Mama anakuja kutoka Isongole. Humo ndani baba anatoa baraka. Mama hajaisikia sauti ya baba tangu tumzike."

Baba yake, Mzee Yohana, alifariki kabla ya simu za kurekodi kufika kwetu. Sauti yake imebaki kwenye mkanda huo, basi. Nikamwambia Elia asiwe na wasiwasi. (Mimi huwa nasema hivyo.)

Kutoka Tunduma nilifika alfajiri. Lori moja lilikuwa limejipinda katikati ya barabara, foleni ikajifunga mbele na nyuma. Mwishowe tulishuka abiria kadhaa tukawa tunamwelekeza dereva: rudi nyuma, rudi, simama, rudi tena. Nimefika nyumbani bado mkono unapunga wenyewe. Mke wangu, Mama Neema, akaniangalia.

"Baba Neema, lala hata kidogo."

"Nitalala mkanda ukiwa unacheza," nikamjibu. Nilikuwa natania.

Ofisini nikaunganisha deki na kile kifaa kidogo cha kuingiza picha kwenye kompyuta, na televisheni nikaiwasha pembeni ili nione na kusikia. Nikajaribu. Picha ikaruka. Bwana harusi alikuwa mlangoni mwa kanisa, mara yuko madhabahuni, katikati hakuna kitu. Fremu zilikuwa zinadondoka.

Mimi kazi hii sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwa kuharibu, kwa hiyo nina utaratibu wangu: nabadilisha kitu kimoja, najaribu, ndipo nagusa kingine. Nikasafisha kichwa cha deki kwa spiriti. Bado. Nikabadilisha waya. Bado. Nikaelekeza faili iingie kwenye diski ya ndani badala ya ile ya nje. Bado. Mwisho nikachomoa kifaa kwenye tundu la kushoto la kompyuta, nikakichomeka la kulia. Picha ikatulia kama maji kwenye beseni. Nikajipongeza kwa sauti. (Hiyo pongezi imo kwenye faili ya majaribio.)

Nikarekodi kipande kifupi, nikakisikiliza. Kwaya ilisikika, ila kwa mbali, kama inaimbia bonde la pili. Nikasema ni uzee wa mkanda. Nikaurudisha mwanzo, nikabonyeza.

Mkanda haukimbizwi. Harusi ya saa mbili inaingia kwa saa mbili, nawe unakaa. Nje ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati, manyunyu yakidondoka taratibu. Kwenye kioo watu wa zamani walikuwa wanatembea katika rangi zilizofifia, mashati mapana, akina mama wakiwa wembamba, watoto ambao leo wana watoto wao. Waliingia kanisani mmoja mmoja bila haraka, na kila aliyepita alinitazama kana kwamba ananijua. Kisha nikawa nimo. Nilikuwa nimesimama barabarani kwenye mteremko, malori yamefunikwa mashela meupe, yanakuja nyuma kwa nyuma polepole bila kelele, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuyapanga. Ilikuwa kazi nzuri sana. Sijawahi kufurahia kazi namna ile.

Nilipoamka kioo kilikuwa cha bluu. Mkanda ulikuwa umeisha, faili imekamilika. Nikaikagua kwa kurukaruka, mwanzo hadi mwisho, bila sauti, kwa sababu ugonjwa ulikuwa wa picha. Picha ilikuwa safi kabisa. Nikaweka maandishi ya majina yao kwa rangi ya dhahabu, nikatoa nakala, nikaenda ukumbini.

Bibi Enesi, mama yake Elia, aliwekwa kiti cha mbele kabisa. Nilipomwamkia alinishika mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe uliyemleta mzee?"

"Ndiyo, bibi. Yumo."

"Niongezee sauti. Sikio hili la kushoto limestaafu."

Nikaongeza spika hadi mwisho.

Wakafunga mapazia, projekta ikawaka, ukumbi ukashusha pumzi. Atupele yule msichana akaonekana anashuka kwenye gari. Watu wakaanza kutajana majina gizani. Sauti ilikuwa ya mbali, na ndani yake nikasikia manyunyu juu ya bati. Nikajiuliza: siku ile ilinyesha? Kwenye picha jua lilikuwa linawaka. Kisha kikasikika kiti kinalia. Nilikifahamu kiti hicho. Ni changu.

Hapo ndipo akili ilipoamka, imechelewa. Nilipohamisha kifaa kwenda tundu la kulia, kompyuta ilikisahau upande wa sauti, ikachukua maikrofoni yake yenyewe. Ile kwaya niliyoisikia kwenye majaribio ilikuwa inatoka kwenye televisheni, inapita chumbani, inaingia kwenye maikrofoni. Na maikrofoni ilikuwa mbele ya pua yangu.

Kwenye picha, bwana harusi akashika shela ya bibi harusi. Akaanza kuifunua. Na kutoka kwenye spika zote mbili ikaja sauti yangu, nzito, yenye mamlaka:

"Rudi nyuma. Rudi. Rudi kidogo. Hapo. Simama."

Mchungaji wa kwenye mkanda alikuwa amefumba mdomo. Mshereheshaji akashika kipaza sauti chake. "Fundi, huyu anayewapangia maharusi ni nani?"

Nikaruka kwenye kompyuta kuzima. Bibi Enesi akainua mkono bila kugeuka.

"Usizime. Mzee anakuja."

Na kweli alikuwa anakuja. Mzee Yohana alisimama mezani, koti limemkaa vizuri, akamwekea Elia mkono kichwani. Akafungua kinywa. Kikatoka koromo.

Lilikuwa refu. Lilipanda, likasita juu kule, likashuka na filimbi. Midomo ya mzee ikaendelea kubariki, na kila alipovuta pumzi, mimi nilipuliza. Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka. Niliona mgongo wa Bibi Enesi tu, umenyooka, sikio la kulia ameligeuzia spika. Nikatamani lile lori la Tunduma linirudie kinyumenyume.

Kisha akamgeukia mwanawe.

"Elia. Baba yako huyo."

"Mama, hilo ni koromo la fundi."

"Hata hiyo filimbi ni yake. Unanifundisha mimi?"

Akacheka yeye kwanza, mabega yote, ndipo ukumbi mzima ukaangua. Mshereheshaji alikaa chini.

Nikachukua bodaboda hadi ofisini, nikarudi na deki mapajani na mkanda kwapani. Nikaunganisha deki moja kwa moja kwenye projekta na spika, kompyuta nikaiweka chini ya meza isionekane. Tukasogeza mkanda hadi kwenye baraka. Mzee Yohana akasema kwa sauti nyembamba kuliko nilivyotarajia: "Mkigombana, mgombane kabla ya chakula, ili mle mkiwa mmeshapatana." Bibi Enesi aliyasema pamoja naye, neno kwa neno, midomo tu.

Nimerekodi upya baadaye, sauti ya mkanda wenyewe safari hii, nikamwekea bibi kwenye flashi ya redio yake kabla gari la Isongole halijaondoka. Akanirudishia.

"Na ile nyingine uweke."

"Ipi, bibi?"

"Ya kulala. Hii ya maneno nitawasikilizisha wageni. Ile nitaisikiliza mwenyewe."

Nikaiweka. Kazi ya Elia sikuitoza. Mkanda nimewarudishia salama. Bibi alikataa kuchukua flashi bure, akasema kitu cha bure hakikai. Nimemweleza Mama Neema yote hayo, akaniambia yeye amesikilizishwa miaka kumi na tisa bila kulipa hata senti. Msinicheke. Kagueni sauti. Na kama mtaniuliza, koromo langu sasa lina bei: shilingi elfu tano.