Mkwe wa Kirewa Hageuki

Paddy Ojiambo wa Busia hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Paddy alipewa, tena kwa mabusu. Majogoo, simu, viatu vya ngozi, vyote vilitoka kwa wanawake waliompenda mtandaoni bila kumwona. Mungu aliyewaumbia masikio ndiye wa kulaumiwa.

Alipoona picha ya Atai wa kijiji cha Kirewa, ng'ambo ya mpaka, msichana wa mashavu kama maandazi, Paddy hakuangalia mashavu. Aliangalia fahali nyuma yake, mweusi, mnene kama mchungaji wa kanisa jipya.

Akamwandikia kuwa yeye ni injinia, kontena lake la vyombo vya harusi limekwama mpakani. "Sweetie, fahali akiuzwa, kontena linatoka, tunaoana."

"Kuja umchukue mwenyewe," Atai akajibu. "Mimi nakupenda sana."

Sasa sikia balaa. Katika kuandikiana huko, Paddy alizoea. Atai alimuuliza kama amekula, kama kifua kimepoa. Muongo wetu akajikuta anasema kweli, hata jinsi mama yake alivyomtupa akiwa mdogo. Ujumbe ukichelewa, chapati haipiti kooni. Mganga hajigangi.

Akaenda Kirewa kwa pikipiki yake, mali pekee ya maana aliyokuwa nayo duniani, suti ya kuazima mwilini. Msichana wa picha akampokea kwa kicheko. Kabla Paddy hajagusa kamba ya fahali, msichana akapiga yowe:

"Mama mkwe wako natoka! Geuka haraka!"

Huko mkwe hatazami uso wa mama mkwe. Akiutazama, harusi imekufa. Na harusi ikifa, fahali naye kwaheri. Paddy akarukia migombani, uso kwenye majani, makalio kwa wakwe. Injinia mzima.

"Karibu mwanangu," ikasema sauti ya kikongwe. "Usigeuke."

"Sigeuki, mama."

"Mimi napeta wimbi yangu ya uji hapa kidogo."

Pikipiki ikanguruma.

"Mama, nani huyo?"

"Mtoto napeleka piki yako kivulini. Jua itapasua tairi."

Ngurumo ikaenda, ikaenda. Kivuli hicho kilikuwa mjini Tororo.

"Mama, Atai yuko wapi?"

"Atai ni mimi, mpenzi. Ule wa picha ni mjukuu yangu, Ajambo."

Paddy akageuka. Bibi wa meno mawili, ungo magotini, simu kifuani, alikuwa akimtabasamia kama bibi harusi.

"Na fahali?"

"Ya jirani. Hata kamba ni yake, narudisha jioni. Mkwe wa Jumapili aliacha redio; wewe umetuheshimu zaidi."

"Kwa hiyo yote yalikuwa uongo?"

Bibi akaacha kupeta. "Ile ya mama yako, mimi nililia kweli."

Paddy akatembea kwa miguu, suti imejaa utomvu wa ndizi. Alipofika barabara kubwa akatoa simu ili amfute yule kikongwe milele. Kidole kikasitasita. Akaandika: "Nimefika barabarani. Jua ni kali."

Kisha akakaa juu ya jiwe, akingoja jibu.