Hatua Nne Kutoka kwa Mwizi

Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025

Gertrude ameondoka! Amebeba Biblia na dawa zake za presha, ameenda kulala kwa binti yetu Rebecca, huko mtaa wa Lumumba. Wiki iliyopita wezi waliingia kwa jirani. Anasema hapa Rwambuzi hatarudi mpaka nyumba iwe na ulinzi. Nikamkumbusha kwamba mlinzi yupo, ni mimi mumewe. Akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia. "Papa Rebecca, weye ukilala, hata radi haiwezi kukuamusha."

Katsuva, fundi cherehani wa ng'ambo ya ukuta na mkuu wetu wa nyumba kumi, ana dawa moja tu: sufuria. Anayemwona mwizi apige sufuria, jirani ajibu na yake, mpaka avenue nzima ilie. Anataka jina langu kwenye orodha. Nimekataa. Mtu aliyefundisha fizikia miaka thelathini na minane hapigi sufuria.

Mimi nina mpango. Visu vya kurusha! Nimeviona kwenye simu ya Rebecca. Kisu cha mkononi kinakulazimisha umkaribie mwizi. Kisu cha kurusha kinakuacha mbali naye. Kwa umri wangu, mbali ni pazuri.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Abdoul, mfua vyuma wa sokoni, amenitengenezea visu vitatu kutoka springi kuukuu ya lori. Aliuliza ni vya kuchinja nini. Nikamweleza kwa nusu saa. Akajibu kwamba kwa muda huo angekuwa amenitengenezea komeo zuri la mlango. Maskini, haoni mbali.

Nadharia ni hii. Kisu kikitoka mkononi huzunguka: ncha, mpini, ncha, mpini. Kwa hiyo umbali ndio unaoamua. Kwa mkono wangu, kwenye hatua tatu kinafika mpini. Kwenye hatua tano kinafika ubavu. Kwenye hatua nne, ncha! Nimeweka alama ya chaki.

Nimelenga mgomba ulio nyuma ya nyumba. Kisu kimezama mara kumi na nne. Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna mkaguzi: mgomba ni laini. Hata kijiko kingezama.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Aibu. Kisu kimeteleza, kimeruka ukuta, kimepiga bati la jikoni kwa Katsuva. Mlio! Kabla sijafunga mdomo, Mama Bijou wa mbele akajibu kwa sufuria. Kisha nyumba ya kona. Kisha avenue nzima, saa nne asubuhi! Wanaume wakatoka na fimbo na majembe, mmoja na sabuni ya kunyolea shavuni. Wakamtafuta mwizi hadi chooni kwangu.

Katsuva akaja na kisu changu mkononi. "Prof! Mugomba ilikuibia nini?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hapo hapo akatoa amri: mlio mmoja kwenye bati ni Prof anacheza, watu waendelee na kazi zao, milio mitatu ni mwizi. Ameiandika kwenye daftari la nyumba kumi. Na jina langu ndani!

Mchana Gertrude amepiga simu. Habari imeshafika Lumumba. Hakucheka. Alisema hahitaji mume wa kuchoma watu visu. Anataka akilia usiku, mtu amjibu. Basi. Nikaanza kumweleza habari ya hatua nne. Akakata.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Jana nimewaza siku nzima. Mwizi atakubalije kusimama kwenye hatua nne? Jibu limekuja asubuhi: redio. Nitaiweka redio ya Gertrude juu ya kigoda, kwenye alama mpya ya chaki, hatua nne kutoka mlangoni. Mwizi hufuata kitu cha kuiba. Ni kweli kwamba Gertrude anaipenda redio hiyo, kila alfajiri anasikiliza kwaya. Ikipotea, hatarudi kabisa. Ndiyo maana nitakuwa makini.

Swali jingine limenisumbua zaidi. Nitalenga wapi? Mgomba hauna mama anayeungoja nyumbani. Nimeamua mguu. Nimechora mguu kwenye mgomba kwa makaa.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Salongo, siku ya kazi ya pamoja ya mtaa. Avenue yote ilikuwa mwisho wa barabara ikizibua mtaro. Mimi niliomba ruhusa kwa ajili ya mgongo. Katsuva aliandika "mgongo" huku akitazama mkono wangu wa kulia.

Nilikuwa mlangoni na chai. Mtu akaingia uani, taratibu, kama mgeni. "Jambo, Papa." Nikaitikia, mwalimu haachi salamu chini. Akainua redio. Alikuwa juu ya chaki! Hatua nne kamili!

Nikasimama na visu. Aliponiona akarudi nyuma hatua moja. Tano! Nikamwomba arudi alipokuwa. Akakataa. Kisu cha kwanza kikapita juu ya bega lake: bati la Katsuva. Nikasogea mbele kurekebisha umbali, naye akasogea nyuma. Kama watu wanaocheza rumba. Cha pili: bati. Kabla ya cha tatu niliitazama miguu yake. Myembamba, ina tope, kandambili moja imefungwa kwa kamba. Nakiri, nilifumba macho. Bati.

Akatazama mikono yangu mitupu. Nami nikaitazama. Kisu ulichokwisha kurusha si chako tena. Kama vingeanguka upande wetu, angekuwa na redio na visu vitatu.

Halafu mtaroni wakajibu. Chepe, karai, filimbi, sufuria, vyote kwa pamoja! Yule mtu akairudisha redio kigodani, kwa adabu, akaruka ukuta.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Gertrude amerudi! Amekuja moja kwa moja kutoka kanisani. Akauliza niliwaitaje watu. Nikaanza na nadharia ya mzunguko. Katsuva, aliyekuja kurudisha visu, akanikatiza: milio mitatu, Mama, na avenue yote ilijibu. Gertrude akafuta macho kwa kitenge. Analala hapa leo. Ametundika sufuria na mwiko karibu na kitanda. Visu vyangu anamenyea muhogo.

Nimekaa peke yangu, nimetafakari yote kwa utulivu. Somo liko wazi, na naona haya kwamba limenichukua wiki nzima. Kosa lilikuwa ncha. Chenye ncha kinadai hatua nne kamili. Lakini kifuniko cha sufuria! Mviringo. Hakina mbele wala nyuma. Hatua tatu, hatua tano, kinafika vilevile.

Nimejaribu kimoja, kile kikubwa. Mlio mmoja tu kwenye bati la Katsuva. Hakuna aliyekuja. Vizuri, nahitaji utulivu wa kufanya mazoezi.

Gertrude anaita kutoka jikoni, anauliza kifuniko cha maharagi kiko wapi.